Mwenye Shamba Asimame

Siku Abdulatifu bin Shamte alipokubaliwa kazi ya ukarani wa mashamba katika boma la Kilwa Kivinje, hakumwambia mtu mpaka alipoliona jina lake limeandikwa. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Furaha ilimjia ikiwa imeshikana mikono na hofu, na mara nyingi hofu ndiyo iliyotangulia kuvuka kizingiti. Alirudi nyumbani, akaswali rakaa mbili za shukrani, kisha akabaki juu ya mswala akichora herufi pajani kwa kidole, akijiuliza kama mkono wake utatulia mbele ya Mzungu.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Ili ijulikane ipi ina mwenyewe na ipi haina, bwana mmoja wa Kijerumani aliletwa azunguke vijijini na mnyororo wa kupimia, pamoja na askari, wapagazi na makarani wawili. Karani mkubwa alikuwa Bakary, mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo na maneno mengi, aliyekuwa amewaandikia Wajerumani tangu siku zao za mwanzo pwani. Karani mdogo ndiye Abdulatifu, aliyejifunza Kurani na hati za Kiarabu chuoni, kisha akapitia shule ya serikali akajua na herufi za Kizungu.

Bakary alimfundisha kazi kwa mzaha, lakini alimfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kukunja karatasi ili pembe zisishike jasho la mkono, jinsi ya kuandika mipaka minne ya shamba kuanzia linapochomoza jua, na mahali pa kuacha nafasi kwa alama ya mwenyewe na ya mashahidi wake.

"Na hapa, shehe wangu," alimwambia, kwa sababu alipenda kumwita hivyo kwa kejeli ya kilemba chake, "hatuandiki tunachokijua. Tunaandika anachosema bwana. Wewe una mkono tu. Mdomo wako uache nyumbani kwa mama yako."

"Mama amekwisha kufariki, Mzee Bakary."

"Mungu amrehemu. Basi meza mate."

Jambo la mwisho Bakary alilomuuliza kabla ya safari ya kwanza lilikuwa hili: "Tunakwenda kusini, mpaka Kiranjeranje na mbele yake. Una ndugu huko? Sema sasa. Karani mwenye ndugu njiani huachwa bomani. Bwana akigundua baadaye, ni hamsa ishirini za kiboko, kisha kazi hakuna."

"Sina," akasema Abdulatifu.

Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea, nalo lilikuwa uongo. Maana dada yake, Sada, aliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, alikuwa ameolewa Kiranjeranje. Na Sada alikuwa na shamba.

Lilikuwa shamba la bondeni, karibu na kijito, udongo mweusi unaoshika maji. Mumewe, Ismaili, alimpa liwe mahari yake, mbele ya mashahidi. Walilima mpunga bondeni na muhogo mwinukoni, na pembeni wakapanda mibono iwe mpaka. Kisha Ismaili akashikwa na ugonjwa wa kifua uliomlaza misimu miwili, na shamba likalala naye. Majani yakapanda, vichaka vikafunga. Sasa Ismaili alikuwa kaburini na Sada yuko edani, ndani ya nyumba, akisubiri miezi yake minne na siku kumi itimie. Alikuwa na watoto wadogo, na hakuwa na kitu kingine duniani ila bonde lile.

Alikuwa ametuma salamu kwa kaka yake kupitia mfanyabiashara wa nta. Jumbe Tawakali, mkubwa wa kijiji, alikuwa akiwaambia watu kwamba asiyeweza kusimama shambani kwake siku ya kupimwa apeleke wakili bomani mapema. Je, amtume shemeji yake, mdogo wa marehemu?

Abdulatifu alilipokea swali hilo siku chache baada ya kupata kazi, kichwa kikiwa bado kinanukia wino mpya. Alimjibu kwa maneno ya mtu mwenye cheo: "Mwambie dada asimtume mtu asiye mahram wake, anayeweza kumwoa kesho, akamsemee mbele ya wanaume. Wala yeye asitoke, yuko edani. Mimi niko serikalini sasa. Nitakuja mwenyewe."

Aliamini alivyosema. Aliamini kwamba mwenye kalamu ndiye mwenye shauri. Na kama angesema bomani kwamba ana dada Kiranjeranje, angeachwa, na Sada angebaki peke yake. Kwa hiyo alinyamaza, akajihesabia kuwa ukimya ule ni sitara ya dada yake.

Waliondoka asubuhi, wakapita Nangurukuru jua likiwa bado changa, wakashika njia ya kusini. Mbele walitangulia askari, kisha bwana, kisha makarani, na nyuma wapagazi. Mmoja wao alibeba kichwani meza ndogo ya kukunja ambayo Abdulatifu angeiandikia. Kila alipogeuka aliiona ile meza ikipanda na kushuka juu ya kichwa cha mtu, na moyo wake ukapanda na kushuka nayo.

Katika kijiji cha kwanza aliona kazi inavyofanywa. Watu walisimama kila mmoja kwenye mpaka wake, wameshika majembe kana kwamba jembe ni ushahidi. Bwana aliwauliza kwa Kiswahili chake kifupi: jina, nani alikupa, mashahidi nani. Mnyororo ukavutwa. Bakary akasema, Abdulatifu akaandika. Mambo yakaenda vizuri mpaka walipofika kwenye kipande kilichokuwa na mnazi mmoja na majani marefu. Hapakuwa na mtu.

"Mwenyewe?" akauliza bwana.

"Amekwenda Lindi kumwona binti yake, bwana," akasema mtu mmoja kutoka upande wa pili. "Keshokutwa anarudi."

"Mwenye shamba asimame. Amesimama?"

Bwana akamnyooshea Bakary kidole, na Bakary akamgeukia Abdulatifu. "Andika: halina mwenyewe."

Abdulatifu aliandika. Herufi zilikaa sawasawa, nzuri, za kupendeza. Alizipuliza zikauke, na alipoinua macho alimwona yule mtu wa upande wa pili anaitazama karatasi kama anayetazama nyoka amejikunja kwenye mkeka.

Njiani alimsogelea Bakary. Alijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida.

"Mzee Bakary, mwenye shamba akiwa mgonjwa?"

"Abebwe na kitanda chake."

"Akiwa mwanamke?"

"Mwanamke hana miguu?"

"Akiwa edani je?"

Bakary alipunguza mwendo. "Huyo ana wakili. Na wakili awe amekwenda bomani kabla hatujatoka, ameandikwa, amepewa karatasi yake. Majumbe wote waliambiwa. Kwani vipi, shehe wangu? Unataka kuoa mjane?"

Wapagazi waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni karani, anatafuta mke mwenye shamba tayari!" Abdulatifu akacheka nao. Shemeji alitaka kwenda bomani. Angekwenda, angeandikwa, na karatasi ingekuwepo. Ni yeye Abdulatifu aliyemzuia, kwa kilemba chake na maneno yake ya cheo.

Tangu hapo hakula vizuri. Kila kijiji walichopita alihesabu ni vingapi vimebaki kabla ya Kiranjeranje, na alipoinama kuandika aliona aibu ya mwandiko wake kuwa mzuri. Katika swala alisoma sura fupi fupi, maana ndefu zilimpotea katikati. Alifikiria kumwambia Bakary kila kitu. Kisha alikumbuka kiboko. Zaidi ya kiboko, alikumbuka kwamba akifukuzwa kabla ya kufika, atakuwa hana hata jicho la kuona dada yake anavyonyang'anywa.

Walifika Kiranjeranje alasiri. Jumbe Tawakali aliwapokea kwa maji ya madafu na maneno ya haraka haraka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Alikuwa ameagizwa atafute ardhi nzuri ya pamba, na alijua kwamba asipoionyesha, mgongo utakaolipa ni wake.

"Bwana, liko bonde moja," alisema. "Halilimwi. Msitu mtupu. Kesho nitawaonyesha."

Abdulatifu aliomba ruhusa akaoge kijitoni. Hakwenda kijitoni. Alizunguka nyuma ya nyumba akapita uani kwa marehemu Ismaili. Mlangoni alimkuta Bibi Kazija, shangazi wa marehemu, mzee aliyekuwa akikaa na Sada muda wote wa eda, anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa au ni hilo joho?"

"Joho, bibi."

"Nilidhani. Ingia. Dada yako anakungoja tangu juzi kama mtu anayengoja mvua."

Sada alikuwa amekaa kitandani katika kaniki yake ya eda, amekonda, macho makubwa. Alimwangalia kaka yake kutoka kwenye kilemba mpaka viatuni, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Karani wa serikali! Haya, sema, mdogo wangu. Umekwisha niandika?"

Abdulatifu akakaa chini. Alisema yote, hakubakiza: kwamba mwenye shamba lazima asimame, kwamba wakili alipaswa kwenda bomani mapema, kwamba jumbe amekwisha kulitaja bonde kuwa msitu, kwamba yeye mwenyewe alisema hana ndugu huku, kwamba kesho atakuwa na kalamu mkononi na hana mdomo.

Tabasamu la Sada liliondoka polepole.

"Shemeji alikuwa amekwisha funga mzigo wake wa safari," alisema. "Nikamrudisha. Nikamwambia Latifu amekataza, na Latifu amesoma."

"Najua, dada."

"Hujui. Watoto hawa nitawapeleka wapi?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Niambie nifanye nini sasa. Nikae, au nitoke? Wewe ndiye uliyesema nisitoke. Useme."

Kumwambia atoke katikati ya wanaume, askari na wapagazi, yeye mjane ambaye udongo wa kaburi la mumewe haujakaza, hakuweza. Kumwambia akae, hakuweza pia. Alijiona yuko kwenye chumba kisichokuwa na mlango, na aliyekijenga ni yeye.

Bibi Kazija alikuwa ameacha kusuka.

"Huyo Mzungu wenu anataka nini hasa?" aliuliza. "Anataka kumwona uso?"

"Hapana, bibi. Anataka mtu asimame mpakani mwenyewe, aseme ni langu."

"Basi?"

"Basi."

"Hm," akasema Bibi Kazija, akaokota ukili wake. "Nenda kaoge, unanuka hofu."

Asubuhi iliyofuata walianza upande wa juu wa kijiji. Mashamba yalikwenda moja baada ya jingine, na watu walisimama, walitaja, walitia alama. Abdulatifu aliandika. Jasho lilimtoka kwenye vidole, akawa anafuta kalamu kwa pindo la kanzu mpaka pindo likawa jeusi. Jua lilipopanda wakateremka bondeni. Majani yalikuwa ya kimo cha mtu. Mibono ya mpakani ilikuwapo, kwa anayejua kuitafuta, imefunikwa na mimea inayotambaa. Meza ikakunjuliwa. Bwana akafuta shingo.

"Hili ndilo, bwana," akasema Jumbe Tawakali. "Halina—"

"Mwenyewe?" akauliza bwana, kama kawaida yake.

Kalamu ya Abdulatifu ilikuwa tayari imelowa wino. Tone moja likaanguka kwenye karatasi likatandaa.

Hapo ndipo waliposikia sauti za wanawake. Zilitoka upande wa kijijini, si za kuimba wala za kulia. Walikuwa wakielekezana: "Kushoto, kushoto. Kuna kisiki. Inua kidogo, bibi." Askari mmoja alishika bunduki. Kisha njiani kikatokea kitu ambacho hakuna mtu wa Kiranjeranje aliyepata kukiona. Shuka nne, zimeshonwa ubavu kwa ubavu, zimeinuliwa juu ya vijiti na wanawake wanane, zilikuwa zinatembea. Shuka nyingine ilifunika juu. Ilikuwa kama chumba kidogo kilichong'olewa kwenye nyumba kikapewa miguu. Mbele yake alitangulia Bibi Kazija na fimbo, akipasua majani.

Chumba kile kikafika kwenye mbono wa pembeni, kikasimama.

Wapagazi walianza kucheka, lakini Bibi Kazija alipowageukia wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mwenye shamba amesimama," alisema bibi.

"Nini hii?" Bwana aliinuka kutoka kwenye kiti chake. "Nini ndani?"

Bakary alikohoa. Abdulatifu alimwona anayapima maneno, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Bwana, ni mjane. Mume wake amekufa. Kwa dini yetu anakaa edani, haonekani na wanaume. Amekuja na eda yake."

Sauti ikatoka ndani ya shuka, nyembamba lakini imara: "Mimi Sada binti Shamte. Shamba hili ni langu. Nilipewa na mume wangu Ismaili, liwe mahari yangu. Mashahidi wako hapa."

Wazee wawili wakasogea. Jumbe Tawakali alitazama kwingine.

Bwana alizunguka kile chumba cha nguo mara moja, mikono nyuma. Hakuwa mtu mkatili kupita wenzake. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake zilimsumbua. "Mimi sioni mtu. Naona nguo. Sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote. Nani anaweza kuangalia ndani na kusema ni yeye?"

Bakary akamuuliza Bibi Kazija. Bibi akajibu kwa sauti ya watu wote kusikia: "Baba yake, amekufa. Mwanawe, bado ananyonya. Kaka yake."

"Kaka yuko wapi?" akasema bwana.

Bibi Kazija hakumtazama Abdulatifu. Wala mwanamke mmoja kati ya wale wanane hakumtazama. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilitazama majani, kijito, mbingu, kila kitu isipokuwa yule kijana aliyekaa nyuma ya meza. Walikuwa wamemwachia aseme mwenyewe.

Abdulatifu aliona boma la Kivinje, dawati lake, jina lake lililoandikwa. Aliona kamba, pipa la kulazia mtu, na mkono wa askari ukipanda. Pindo la shuka lilitikisika, kama mtu aliye ndani amechoka kusimama.

Akaweka kalamu chini. Akainuka.

"Ni mimi, bwana," alisema. "Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Bakary alifumba macho.

"Wewe ulisema huna ndugu," akasema bwana taratibu.

"Nilisema, bwana. Nilisema uongo."

Bwana akaelekeza kidevu kwenye shuka. "Angalia kwanza. Mengine baadaye."

Bibi Kazija akainua pindo, Abdulatifu akainama akaingia. Ndani mwanga ulikuwa wa manjano, umechujwa na nguo, na hewa ilikuwa ya moto na harufu ya ubani wa nyumbani. Sada alikuwa amesimama wima, miguu mitupu juu ya udongo wake, machozi na jasho havijulikani kipi ni kipi.

"Umechelewa," alinong'ona. "Nilidhani utaniacha hapa nianguke na jua hili."

"Dada, nilikuambia usitoke."

"Sijatoka. Nimekuja na nyumba." Kisha akamshika mkono. "Watakupiga, Latifu?"

"Sijui."

"Toka ukaseme. Wanawake hawa mikono imewachoka."

Akatoka, akasema ndiye. Bakary mwenyewe alikaa mezani, akaitupa ile karatasi yenye tone, akachukua nyingine. Mnyororo ukavutwa kutoka mbono mpaka mbono, na kile chumba cha nguo kikatembea nao pembe zote nne, wanawake wakipokezana vijiti. Walipomaliza, mkono mmoja ulitoka kwenye mshono wa shuka, umefunikwa mpaka vidoleni, ukatia alama ya wino. Ukarudi ndani.

Hakupigwa. Bakary alizungumza na bwana kando kwa muda mrefu, na aliyoyasema hakuyarudia kwa mtu. Hukumu ilikuwa kwamba Abdulatifu hatagusa kalamu tena safari ile, na kwamba meza ataibeba yeye.

Aliibeba mpaka mwisho wa safari na kurudi Kivinje. "Karani, nzito?" walimuuliza wapagazi. "Umeiandikia, sasa ikuandike shingoni!" Yule aliyeibeba mwanzo alimfundisha kufunga kata ya majani ili isimchubue. Bakary alitembea pembeni yake siku nzima bila mzaha, jambo lililokuwa geni. Jioni tu ndipo alipomwambia, "Ungeniambia mapema, shehe wangu. Nami nina dada."

Bomani hawakumfukuza. Walimweka chumba cha nyuma kunakili hati za mashamba, kazi isiyokuwa na safari wala cheo, karatasi baada ya karatasi. Huko ndiko hasa alikojifunza ukarani. Aliandika mipaka ya watu asiowajua, na kila alipokuta *halina mwenyewe* mkono wake ulisita, akajiuliza ni nani aliyekuwa Lindi kwa binti yake, au kitandani, au edani. Hakuweza kubadilisha neno. Lakini watu walianza kumjia nyumbani baada ya swala ya alasiri, kumuuliza wafanye nini siku yao ikifika, na yeye aliwaeleza wote, kwa subira, mpaka waelewe, hasa habari ya wakili. Alimuuliza pia kadhi, na kadhi akamwambia kwamba mjane mwenye dharura ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake. Abdulatifu alikwenda nyumbani akalia. Mlango aliomfungia dada yake, sheria ya Mungu haikuwa imeufunga.

Mwaka uliofuata vita vikazuka. Vilimkuta Bakary juu, upande wa Matumbi, na meza na vitabu na mnyororo. Hakurudi. Hakuna aliyejua alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Abdulatifu, ambaye angekuwa pembeni yake kama si siku ile ya bondeni, alimsomea hitima chumbani mwake peke yake. Kwa miezi mingi alishtuka kila mlango ulipogongwa. Kila aliyetoka kusini alimuuliza habari za Kiranjeranje. Wengine walisema watu wamekimbilia porini. Wengine walisema yuko mwanamke mmoja aliyekataa kuondoka bondeni, akasema ameshaandikwa hapo.

Kisha ikaja njaa. Ghala zilikuwa zimechomwa, watu wakala ming'oko na mizizi mingine ya porini. Sada alichimba muhogo wake akawagawia majirani, na Jumbe Tawakali pia alikula katika muhogo ule. Homa ilipomshika Sada, hakuwa na nguvu ya kupigana nayo. Abdulatifu alipopata habari aliomba ruhusa, akatembea bila kupumzika, na alipofika alimkuta amekwisha oshwa na kukafiniwa. Bibi Kazija, mzee kuliko uzee, alikuwa amekaa kichwani pake.

Kaburi lilichimbwa pembeni mwa shamba, chini ya mbono. Wanaume walilileta jeneza, na kama inavyofanywa kwa mwanamke, watu wanne wakaishika shuka wakaitandaza juu ya kaburi, ili asionekane wakati anashushwa. Imamu akatazama huku na huku.

"Nani mahram wake? Nani anashuka?"

Abdulatifu alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alikuwa tayari chini, amenyoosha mikono.

"Mleteni," alisema. "Ni dada yangu."

Mwanga uliopita kwenye shuka ulikuwa wa manjano. Alimpokea, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akalegeza vifundo vya sanda. Halafu akaufunua uso kidogo, akaliegemeza shavu lake kwenye udongo mweusi wa bonde lile, udongo uliokuwa wake, mbele ya Mungu na mbele ya watu.